Kimbunga Hidaya na Kisiwa cha Mafia: Hatari Isiyopimwa kwa Upepo

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba mgandamizo mdogo wa hewa uliokuwako mashariki mwa pwani ya nchi hiyo umegeuka kuwa kimbunga, nacho chaelekea upande wa kisiwa cha Mafia. Kimbunga hicho kilipewa jina la Hidaya. Kwa Mswahili hidaya ni tunu apewayo mtu, na wako wanawake wengi waitwao hivyo. Wakazi wa Mafia, walioshi katika kisiwa cha minazi na uvuvi, walitangaziwa tunu ya namna nyingine.

Ni vema kwanza kulitazama neno lenyewe, kwani msomaji akaaye mbali na bahari aweza kupotoka. Kiswahili kina chamchela, ambayo huzungusha vumbi uwanjani na kutoweka mara moja. Kina dhoruba na tufani, maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo mabaharia wameyatumia tangu zamani. Kimbunga katika matumizi ya kila siku ni upepo mkali uzungukao, basi. Kwa wataalamu, lakini, ni mfumo mzima wa hewa, wenye upana wa mamia ya kilomita na maisha ya siku kadhaa. Kituo cha kisiwa cha La Réunion, kinachofuatilia mifumo hiyo kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, huipanga kwa kasi ya upepo wake: chini ya kilomita 63 kwa saa ni mgandamizo tu, kuanzia 63 hadi 117 ni tufani, kuanzia 118 ni kimbunga kamili. Kipimo hiki ni chepesi kueleweka, na ndicho chenye kasoro, maana mvua na bahari havimo ndani yake.

Nguvu ya kimbunga hutoka katika maji ya bahari yenye joto lipitalo nyuzi 26 hivi. Mvuke hupanda, hugeuka mawingu na kuachilia joto. Hewa ya pembeni hukimbilia mahali palipoachwa wazi, na mzunguko wa dunia huipinda. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni hafifu, ndiyo maana vimbunga havionekani mara nyingi pwani ya Tanzania. Mafia iko kwenye nyuzi 8 hivi kusini ya ikweta, ukingoni mwa eneo lao. Hata hivyo, nadra si kamwe. Mnamo Aprili 1872 kimbunga kiliangamiza mikarafuu ya Unguja na merikebu za Sultani Barghash; Pemba iliyosalimika ikawa shamba kuu la karafuu. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi.

Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kimbunga kitokacho mashariki kikipita kaskazini mwa kisiwa, upepo huvuma kutoka baharini na kuyasukuma maji ufukweni. Kikipita kusini, upepo hutoka upande wa bara. Jicho likipita juu ya kisiwa chenyewe, watu hupigwa kwanza na upepo wa kusini, kama kusi iliyopandwa na wazimu. Kisha hufuata utulivu, na pengine jua. Huo ndio wakati wa udanganyifu mkubwa. Atokaye kutazama paa lake au kuvuta ngalawa hukutwa nje na upepo wa pili, safari hii kutoka kaskazini.

Bahari nayo huinuka, kwa kusukumwa na upepo na kwa kupungua uzito wa hewa juu yake. Athari yake hutegemea mwezi. Katika pwani hii tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hupita meta tatu wakati wa bamvua. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 1 Mei 2024 na mwezi mwandamo ulikuwa karibu tarehe 8. Hidaya ilifika Mafia tarehe 4, kabla ya bamvua. Kama ingechelewa siku nne tu, maji yale yale yangeanza kupanda kutoka kimo kingine. Hesabu hii mvuvi yeyote wa Kilindoni aweza kuifanya kichwani, nayo yastahili kutajwa katika kila tangazo.

Usiku wa tarehe 4 ilitangazwa kwamba Hidaya imepoteza nguvu baada ya kufika Mafia. Habari hiyo ilikuwa ya kweli kwa kipimo cha upepo. Watu walikwisha kusikia maneno kama hayo mwaka 2021, Kimbunga Jobo kilipodhoofika kabla ya kutua pwani, na si ajabu wengi wakashusha pumzi. Lakini mawingu hayakuwa yamekwisha maji. Masika ilikwisha kuilowesha ardhi, na bonde la Rufiji, linaloikabili Mafia, lilikuwa limefurika tangu Aprili. Mvua ikaendelea kunyesha Lindi na Mtwara, mito ikavunja kingo, na barabara kuu ya kusini ikakatika wilayani Kilwa, magari yakikwama pande zote mbili. Kwa abiria aliyelala pale, neno «kupoteza nguvu» lilikuwa na maana gani? Tangazo lingeweza kusema: upepo umepungua, maji bado.