Madini, Metali, Mbale na Akiba: Mfano wa Vilima vya Bariadi

Neno madini limebebeshwa mzigo mzito. Dhahabu huitwa madini, jiwe lenye dhahabu huitwa madini, na mchanga wenye chembe zake nao ni madini. Katika mazungumzo ya kawaida mchanganyiko huu hauna madhara. Katika mkataba au katika mkutano wa kijiji unaweza kumpotosha msikilizaji. Tunapenda kuyatenganisha maana hizo kwa mfano wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012.

Bariadi imo katika eneo la miamba ya kale mno, yenye umri uzidio miaka bilioni mbili na nusu. Katika Dutwa na Ngasamo pana vilima vya mwamba wenye chuma na magnesi nyingi. Kwa muda mrefu maji ya mvua yaliuozesha mwamba huo, yakachukua magnesi na kuacha udongo wenye oksidi za chuma, ambao wataalamu huuita lateraiti. Nikeli ilibaki humo. Katika lateraiti za namna hii, oksidi nyeusi za manganisi ndizo aghalabu hushika kobalti. Kwa hiyo manganisi, ambayo kwingineko huchimbwa kwa ajili ya kutengenezea chuma cha pua na chuma kigumu, hapa ni mwenyeji wa metali nyingine. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ni ya namna nyingine: imeungana na salfa, nayo imo chini zaidi ardhini.

Sasa tuzipange istilahi. Madini ni kitu cha asili kilichomo ndani ya mwamba au udongo, kama vile oksidi ya manganisi. Metali ni kile kinachopatikana baada ya kuyasafisha madini: manganisi, nikeli, kobalti. Mbale ni mawe au udongo wenye madini ya kutosha kuweza kuchimbwa kwa faida. Mashapo ni mkusanyiko wa madini mahali pamoja, uwe na faida au usiwe nayo. Akiba ni ile sehemu ya mashapo ambayo imepimwa na kuthibitishwa kuwa itachimbika kwa faida, kwa bei na mitambo iliyopo. Hivyo bei ya nikeli ikishuka, akiba yaweza kupungua bila hata tani moja kuondolewa kilimani.

Tofauti hizi si za kupamba kamusi. Mkulima wa pamba aambiwapo kwamba "madini yamepatikana", huenda akaacha kujenga nyumba au kupanda miti, akingoja fidia. Angaliambiwa kwamba mashapo yamegunduliwa, na kwamba akiba haijathibitishwa, angalijua kuwa safari bado ni ndefu. Vivyo hivyo, leseni ya utafutaji si leseni ya uchimbaji. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba watafsiri wa ripoti, waandishi wa habari na maofisa wanaozungumza na wananchi walitumie neno madini pale tu panapolistahili, na kuyapa maneno mbale, mashapo na akiba kazi yake. Lugha inayopima vizuri humwezesha mwenye shamba kupima vizuri pia.