Kufundisha Mnururisho kwa Mfano wa Utando wa Almasi

Mwalimu wa sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hufika mahali ambapo hana budi kueleza jambo lisiloonekana, lisilonusika wala kuguswa. Mnururisho ni mojawapo. Aghalabu mwalimu mwanafunzi huandika maana yake ubaoni, watoto wakanakili, na somo likaishia hapo. Hilo halitoshi. Mtoto apaswa kuelezwa jinsi kitu hicho kinavyotambuliwa, na kifaa kifaacho sana kwa maelezo hayo ni almasi. Si ile ya pete, bali utando mwembamba wa almasi utengenezwao na binadamu.

Somo lianze na penseli. Kipande kifupi kichongwe pande zote mbili, kiungwe kwa nyaya na betri za tochi pamoja na balbu ndogo. Balbu itawaka, ingawa kwa mwanga hafifu. Kiini cha penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo, na grafiti ni kaboni. Almasi nayo ni kaboni, lakini haipitishi umeme. Katika grafiti kila atomi hushikana na jirani watatu, ikabaki elektroni moja ya kutangatanga. Katika almasi jirani ni wanne, na elektroni zote za nje zimefungwa katika mashikano hayo.

Sasa almasi ipakwe metali pande mbili na kuungwa na volteji kubwa. Mkondo haupiti. Lakini chembe ya mnururisho yenye mwendo mkubwa ikiipenya, hung'oa elektroni zipatazo 36 katika kila mikromita moja ya njia yake, yaani katika sehemu moja ya elfu ya milimita. Elektroni hukimbilia upande wa chanya, na mshtuko mdogo wa umeme hupimwa. Kwa kuwa almasi ilikuwa kimya kabisa, hata mnong'ono husikika.

Kwa nini kimya, na nini hukimbia? Hapa mchezo hufaa kuliko mchoro. Wanafunzi kumi waketi katika mstari wa viti kumi, ukuta mmoja ukiwa chanya na wa pili hasi. Viti vimejaa, hivyo hakuna awezaye kuhama. Mwalimu amguse bega mmoja wa katikati: huyo ainuke na kukimbilia ukuta wa chanya. Kiti chake ki tupu. Jirani aliye upande wa hasi ahamie hapo, na jirani wa huyo ahamie alikotoka mwenzake, hata mwisho. Watoto wataona wenyewe kwamba kila mtu alisogea kuelekea chanya, ilhali nafasi tupu ilisafiri kuelekea hasi. Wanafizikia huihesabu nafasi hiyo kama chembe yenye chaji chanya, jambo ambalo hata wanafunzi wa sekondari hulikariri bila kulielewa.

Almasi za asili zilijaribiwa kwa kazi hii katika miaka ya 1940, lakini mawe mawili, hata ya mgodi mmoja, aghalabu hayalingani kwa naitrojeni na kasoro zilizomo. Utando hutengenezwa kwa kuchanganya methani kidogo, gesi ile ipatikanayo katika mtambo wa samadi ya ng'ombe, na hidrojeni nyingi. Mchanganyiko huchomwa kwa mawimbi kama ya jiko la maikrowevu, na kaboni hutua juu ya kibao chenye joto la nyuzi 800 hivi za Sentigredi. Grafiti nayo hujaribu kujijenga, lakini hidrojeni huifagia. Ukuaji ni wa mikromita chache kwa saa.

Utando wa namna hii mara nyingi ni fuwele nyingi ndogo zilizobanana, na katika mipaka yake elektroni hunaswa kabla ya kufika. Mafundi huuangazia mnururisho kwanza ili mitego ijae, kisha ndipo huutumia.

Katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, watafiti waliungana mwaka 1994 kuziendeleza almasi hizi. Baadaye zenye unene wa nusu milimita ziliwekwa karibu na bomba la protoni katika jaribio la ATLAS, ili mihimili ikipotoka hatari itambuliwe kabla ya vyombo kuharibika. Hospitalini faida ni nyingine. Kaboni ina protoni 6, idadi iliyo karibu na wastani wa nyama ya mwili, ilhali silikoni ina 14. Hivyo almasi hupokea mnururisho karibu kama mwili uupokeavyo. Kuna kigunduzi chenye utando wa mikromita 1 tu, kitumikacho kupima mihimili myembamba ya kutibu saratani, ambapo kukosea kwa milimita chache kwaweza kuunguza neva ya jicho badala ya uvimbe.

Mtoto mmoja hakika atauliza kama pete ya almasi nayo hutambua mnururisho. Ajibiwe kwamba elektroni hung'oka humo pia, lakini bila volteji na nyaya hurudi katika nafasi tupu, wala hakuna apataye habari.