Usiache Dawa za Kifua Kikuu kwa Kosa la Jodari

Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa zake bila kukosa anaweza kula jodari mchana, na kabla ya saa moja kupita akahisi uso unawaka moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio na ngozi inawasha mwili mzima. Wenzake waliokula naye sinia moja hawana lolote. Ndugu na majirani hukata shauri haraka: dawa zimemkataa. Kesho yake hamezi tena. Hapo ndipo hatari kubwa inapoanza, kwa kuwa kifua kikuu kilichoachiwa tiba njiani hurudi, na huweza kurudi kikiwa sugu.

Kinachohusika hapa ni isoniazidi, dawa inayotumika tangu 1952. Mtu mzima mwenye kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6: miwili ya dawa nne kwa pamoja, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Isoniazidi pekee hutolewa pia kama kinga, hasa kwa watu wanaoishi na VVU.

Dawa hii huua bakteria wa kifua kikuu, lakini pia huzuia baadhi ya vimeng'enya vya mwili wetu wenyewe. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini, ikiwemo kuvunja vitu vilivyozidi. Kimojawapo hukaa kwenye utumbo na kazi yake ni kuvunja histamini inayoingia na chakula. Kikizuiwa, histamini hupita hadi kwenye damu, ikapanua mishipa na kuleta dalili zilezile za mzio.

Histamini hiyo inatoka wapi? Nyama ya jodari, vibua na dagaa wa baharini ina histidini kwa wingi. Samaki hao wakicheleweshwa juani bila barafu, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Wakati mwingine samaki hanuki wala habadiliki rangi. Histamini ikishajitengeneza, haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kusindika kwenye kopo. Kiasi kidogo hakimsumbui mtu ambaye utumbo wake unaivunja kama kawaida. Anayetumia isoniazidi amepungukiwa na ulinzi huo, ndiyo maana anaumwa peke yake.

Dawa hiyohiyo hudhoofisha pia kimeng'enya kinachovunja tiramini, kemikali iliyomo kwa wingi kwenye jibini iliyokomazwa muda mrefu. Mgonjwa akila jibini hiyo anaweza kuumwa kichwa, kutoka jasho na kupandwa na shinikizo la damu.

Upande wa dawa, wagonjwa wa kifafa ndio wanaohitaji uangalizi zaidi. Isoniazidi huchelewesha ini kuvunja fenitoini na kabamazepini, hivyo dozi ileile ya kila siku ikaanza kurundikana kwenye damu. Mgonjwa husinzia, huona vitu viwili viwili, huyumba anapotembea. Hali hiyo hujitokeza wazi zaidi anapotumia isoniazidi peke yake kama kinga, kwa sababu rifampisini huharakisha uvunjaji wa dawa nyingi na kuvuta upande wa pili. Daktari akijua mapema, atapima na kurekebisha dozi. Pombe nayo iepukwe kabisa, maana huongeza uwezekano wa dawa hizi kuumiza ini.

Kwa hiyo, unapoanza tiba, mtajie mhudumu kila dawa unayotumia, ya hospitali na ya mitishamba, pamoja na vyakula vyako vya kawaida. Samaki mnunue akiwa amehifadhiwa kwenye barafu tangu alipovuliwa. Kama huna uhakika, acha jodari na vibua hadi umalize dozi, ule changu, maharage, mayai au kuku. Ukipata joto usoni na muwasho baada ya mlo, nenda kituoni: dawa za kuzuia histamini, kama setirizini, kwa kawaida hutuliza hali. Pumzi ikibana, ni dharura.

Zipo dalili ambazo lazima uziwahi bila kusubiri hata kama hukula samaki: macho ya manjano, mkojo wa kahawia iliyokolea, kichefuchefu kisichokoma, au homa yenye vipele. Hizo zinaweza kuwa madhara ya dawa zenyewe. Mkojo wa rangi ya chungwa peke yake usikutishe. Hiyo ni rangi ya rifampisini.

Kwa wahudumu wenzangu: kabla ya kuandika kwenye kadi kwamba mgonjwa ana mzio wa isoniazidi, muulizeni amekula nini saa chache zilizopita. Maandishi hayo yakishaingia kwenye kadi ni vigumu kufutika, na yanamnyima mgonjwa mojawapo ya dawa bora kabisa tulizo nazo dhidi ya kifua kikuu.