Kusahihisha kwa Wakati Wake

Mwanafunzi wa uhandisi anayeanza somo la mifumo ya udhibiti hukutana mapema na mabadilisho ya Laplace, na wengi humaliza muhula wakiamini kwamba somo lenyewe ndilo hilo. Kumbe kiini cha somo ni swali ambalo kila mshika usukani hulijibu kwa mikono yake: chombo kikipotoka, nikirudishe kwa nguvu kiasi gani, na lini?

Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha hesabu ya usukani wa meli unaojiendesha. Hesabu yake ina mambo matatu.

La kwanza ni mkengeuko wa sasa. Meli iliyopotoka nyuzi 4 hugeuziwa usukani mara mbili ya ile iliyopotoka nyuzi 2. Lakini meli ni nzito. Inapofika kwenye mwelekeo sahihi na usukani kurudi katikati, mwili wake bado unazunguka, hivyo hupitiliza upande wa pili. Ukiongeza nguvu ya kusahihisha ilhali usukani unachelewa kuitika, mayumbo hukua badala ya kufifia.

La pili ni kasi ya mgeuko. Baharia mzoefu hatazami tu dira imefika wapi. Hutazama pia inakwenda mbio kiasi gani. Meli ikirudi kwa kasi, hupunguza usukani, hata kuugeuza kinyume, kabla haijafika.

La tatu ni limbikizo la makosa. Upepo ukisukuma ubavuni bila kukoma, kanuni ya kwanza peke yake huiacha meli kando kidogo ya mwelekeo, kwa kuwa pasipo mkengeuko usukani haugeuki. Makosa yakijumlishwa kadiri muda unavyopita, usukani huongezwa mpaka kosa liishe. Limbikizo likipewa uzito kupita kiasi, nalo huzua mayumbo.

Uzito wa kila jambo hupimwaje? Tukichukulia kwamba sababu ikiwa maradufu matokeo nayo huwa maradufu, tabia ya mfumo mzima husomeka katika majibu ya mlinganyo mmoja, ambayo huweza kuwa namba changamano. Sehemu halisi za majibu yote zikiwa hasi, mayumbo hufifia. Hata moja ikiwa chanya, hukua. Mwingereza Edward Routh alionyesha mwaka 1877 jinsi ya kulitambua hilo kutokana na namba za mlinganyo, bila kuukokotoa. Dhana hiyo ya maradufu ina mpaka: usukani ukishafika mwisho wake, haugeuki zaidi hata mkengeuko ukue vipi.

Kanuni hizo tatu leo huongoza tanuri na mota za viwandani, navyo huchelewa kuitika kama usukani. Ndiyo maana namsihi mwanafunzi, kabla hajaandika mlinganyo wowote, ajiulize: ni nini kinachochelewa hapa, na kinachelewa kwa muda gani? Asipolijua hilo, anaweza kusahihisha kwa kipimo sahihi na bado akauyumbisha mfumo.