Kutambua Chanzo cha Kuungua kwa Amplifaya ya Gari Inayotumia Betri: Mfano wa Mazingira ya Songo Mnara, Wilaya ya Kilwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua utaratibu wa kuchunguza amplifaya ya gari iliyoungua, hususani inapotumika nje ya gari kwa kulishwa na betri ya volti 12 na paneli ya umemejua. Hoja kuu ni kwamba kifaa kinachoonekana kimeungua aghalabu ni matokeo ya hitilafu iliyoanzia mahali pengine. Kukibadilisha kabla ya kupata chanzo ni kuandaa uunguaji wa pili. Kisiwa cha Songo Mnara kimechukuliwa kuwa mfano kwa sababu umbali wake na maduka ya vipuri huongeza gharama ya kila kosa la uchunguzi.

1.0 Utangulizi

Songo Mnara ni kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kilichopo kusini mwa Kilwa Kisiwani. Magofu ya visiwa hivyo viwili yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kisiwa hufikiwa kwa chombo cha majini kutoka Kilwa Masoko. Kwa fundi wa vifaa vya umeme, jambo hilo lina maana ya kiutendaji: transista moja inayokosekana haipatikani kwa kuvuka barabara, bali kwa kuvuka maji na kurudi.

Ingawa amplifaya hii imeundwa kwa ajili ya gari, matumizi yake hayaishii humo. Kwa kuwa hutumia volti 12, huweza kulishwa moja kwa moja na betri bila inveta. Sifa hiyo huifanya ifae katika harusi, maulidi, mikutano ya hadhara na ngoma mahali ambapo umeme wa gridi haupo au haufiki penye shughuli. Hata hivyo, ikitolewa garini huachana na mambo matatu ambayo mtengenezaji aliyategemea: volti iliyodhibitiwa, waya mnene wenye fyuzi karibu na betri, na spika zenye ukinzani unaojulikana. Uchunguzi wa amplifaya iliyoungua hauna budi kuanza na mambo hayo matatu.

2.0 Muundo wa Amplifaya ya Gari

Volti 12 pekee hazitoshi kutoa sauti kubwa. Kwa volti 14.4, ambayo ni volti ya gari linapounguruma, saketi inayounganisha spika ya omu 4 kati ya njia mbili za kutoa sauti haiwezi kuzidi takribani wati 26. Ili kuvuka kiwango hicho, amplifaya huwa na sehemu ya kupandisha volti. Ndani yake, transista za mosfeti huwaka na kuzimika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, zikipeleka umeme katika transfoma ndogo. Upande wa pili wa transfoma, dayodi huugeuza umeme huo kuwa volti mbili zinazolingana, moja chanya na nyingine hasi. Volti chanya na hasi 30, kwa mfano, zinaweza kutoa takribani wati 112 katika spika ya omu 4.

Baada ya hapo hufuata sehemu ya kutoa sauti, ambamo jozi za transista hupokezana kuisukuma na kuivuta spika. Sehemu ya tatu hushughulikia mawimbi madogo ya sauti yanayoingia, na ni nadra kuungua. Sehemu mbili za kwanza zimefungamana: transista ya kutoa sauti ikipiga shoti, mzigo wote huangukia sehemu ya kupandisha volti, na mosfeti zake huungua zikijaribu kulisha shoti hiyo. Anayefungua mfuniko huziona mosfeti zilizopasuka na kuzihesabu kuwa ndizo mbovu, ilhali kisababishi kimekaa upande wa pili wa bodi kikiwa hakina hata doa.

3.0 Visababishi Vinavyotokana na Mazingira ya Matumizi

3.1 Volti iliyozidi

Paneli ya umemejua yenye seli 36, inayouzwa kuwa ya volti 12, hutoa takribani volti 21 hadi 22 ikiwa haina mzigo. Kapasita za kuingizia umeme katika amplifaya nyingi za gari huhimili volti 16. Kwa hiyo, kuunganisha amplifaya kwenye paneli bila betri na kidhibiti chaji, au kuchomoa betri wakati paneli bado imeunganishwa, kunaweza kuziharibu. Kapasita iliyovimba juu au kuvuja ni ushahidi wa kuanzia.

3.2 Volti iliyopungua

Kasoro ya kinyume huonekana kuwa ndogo, lakini nayo ina madhara. Chukuliwe amplifaya inayovuta ampea 17 kupitia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wenye urefu wa mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Ukinzani wa waya huo ni takribani omu 0.07, hivyo volti 1.2 hupotea njiani. Betri yenye volti 12 huifikisha amplifaya volti 10.8 tu. Ikiwa amplifaya ni ya aina inayojirekebisha ili kushikilia nguvu ileile, huvuta mkondo mkubwa zaidi kufidia upungufu, na joto la mosfeti huongezeka.

3.3 Mzigo wa spika

Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa mzigo wa omu 2. Zaidi ya hayo, amplifaya ikiunganishwa kwa daraja, yaani njia mbili zikaisukuma spika moja, kila njia huuona mzigo huo kuwa nusu. Spika ya omu 4 iliyowekwa kwa daraja ni omu 2 kwa kila njia. Spika mbili za aina hiyo ni omu 1. Katika shughuli za nje, spika huongezwa kwa kadiri watu wanavyoongezeka, na hapo ndipo kikomo kinapovukwa bila mtu kutambua.

3.4 Chumvi, unyevu na fyuzi ya kubuni

Hewa ya bahari huacha chumvi juu ya bodi. Chumvi ikikutana na unyevu hupitisha umeme kati ya njia zisizopaswa kukutana na hula miguu ya vifaa. Juu ya hayo, kuna desturi ya kuweka kipande cha waya pahali pa fyuzi iliyokatika. Desturi hii ni ya hatari kuliko zote. Betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea. Waya huwa mwekundu kabla betri haijaishiwa nguvu. Penye nyumba za makuti, hilo si suala la kifaa tena, bali la moto.

4.0 Hatua za Uchunguzi

Hatua zinazofuata zinahitaji mita ya kawaida, kifaa cha kulehemu na balbu ya gari. Zinahusu zaidi amplifaya zenye jozi za transista zilizoelezwa hapo juu. Zile za daraja la D hutofautiana katika sehemu ya kutoa sauti, ila mfuatano wa hatua ni uleule.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha betri, spika na nyaya za sauti, kisha kuuliza maswali kabla ya kufungua. Je, sauti ilikatika ghafla au ilianza kukwaruza? Spika ngapi zilikuwa zimeunganishwa? Nyaya za betri ziliwahi kugeuzwa? Majibu huelekeza macho. Nyaya zikigeuzwa, dayodi ya ulinzi iliyo kwenye maingilio hupitisha mkondo ili fyuzi ikatike. Dayodi hiyo ikibaki na shoti, fyuzi mpya itakatika papo hapo ingawa sehemu nyingine zote ni nzima.

Hatua ya pili ni kupima ukinzani kati ya ncha chanya na ncha hasi za kuingizia umeme. Kipimo kinachoanzia chini na kupanda polepole huashiria kapasita zinazojaa, jambo ambalo ni la kawaida. Kipimo kinachoganda karibu na sifuri huashiria shoti katika dayodi ya ulinzi au katika mosfeti.

Hatua ya tatu ni kuibaini mosfeti yenye kosa. Kwa kuwa mosfeti hizo huunganishwa sambamba, na makundi yake mawili hukutana kupitia waya mfupi wa transfoma, shoti katika moja huonekana katika zote. Kuzihukumu zikiwa bado kwenye bodi ni kukosea. Kila moja sharti inyanyuliwe na kupimwa peke yake. Rizista ndogo iliyo kwenye geti ya kila mosfeti nayo ipimwe, kwani mosfeti inapopasuka, umeme mkubwa huweza kurudi kupitia hapo na kuiunguza rizista pamoja na saketi inayoiongoza. Mosfeti zibadilishwe zote kwa pamoja kwa aina moja, ili zigawane mzigo kwa usawa.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo hurukwa mara nyingi, ni kupima upande wa pili hata kama shoti imekwisha kupatikana upande wa kwanza. Hupimwa dayodi za kugeuza umeme, kisha kila transista ya kutoa sauti, kati ya kolekta na emita. Vilevile hukaguliwa vipande vya kuhami vilivyo kati ya transista na bati la kupoza joto. Kikichanika kimoja, bati lenyewe huwa njia ya shoti. Mosfeti mpya zisiwekewe umeme kabla ya hatua hii kukamilika.

5.0 Uwashaji wa Majaribio

Amplifaya iliyotengenezwa isiwashwe kwa mara ya kwanza moja kwa moja kwenye betri. Balbu ya gari ya wati 21 iunganishwe mfululizo katika waya chanya. Balbu hiyo haipitishi zaidi ya ampea 1.75 hivi, hivyo kosa lililobaki haliwezi kuunguza vipuri vipya. Transista zote ziwe zimebanwa kwenye bati la kupoza joto, spika zisiwepo, na ncha ya kuwashia ipewe volti 12.

Balbu ikimulika kwa kitambo na kufifia, kapasita zimejaa na saketi ni salama kuendelea. Ikibaki inang'aa sana, bado kuna shoti na kazi irudi hatua ya tatu. Ikiwa amplifaya inajaribu kuwaka na kuzimika, huenda volti inayobaki haitoshi. Balbu ya wati 55 inaweza kutumika badala yake.

Baada ya hapo hupimwa mambo mawili. Kwanza, volti chanya na hasi za ndani ziwe sawa kwa ukubwa. Pili, kwenye ncha za spika kusiwe na volti ya moja kwa moja inayozidi sehemu ndogo ya volti. Kipimo cha pili ni kinga ya spika: volti 30 zikiifikia spika ya omu 4, ampea 7.5 hupita humo mfululizo na kuiunguza. Vipimo vikiridhisha, balbu huondolewa na fyuzi ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji hurejeshwa, pamoja na fyuzi nyingine karibu na betri.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kuungua kwa amplifaya ni mlolongo wenye mwanzo na mwisho, na kwamba jicho huona mwisho tu. Mjini, fundi anayebadilisha kilichopasuka bila kupima kisichopasuka hupoteza transista chache. Songo Mnara, hupoteza pia safari ya kwenda Kilwa Masoko, huenda hadi Lindi au Dar es Salaam, na imani ya mwenye kifaa. Kwa hiyo orodha ya vipuri iandikwe baada ya hatua ya nne, si baada ya kufungua mfuniko. Na kabla ya amplifaya kurudishwa kwenye shughuli, mwenyewe aelezwe idadi ya spika inayoruhusiwa, unene wa waya unaohitajika, na sababu ya kutoweka waya pahali pa fyuzi. Bila maelezo hayo, hitilafu iliyoondolewa ndani ya amplifaya itakuwa bado inaisubiri nje.