Kapu la Kwanza la Kiangazi

Mvua za Usangu hukata mwishoni mwa Aprili. Kwa wakulima wengi wa Igawa huo ndio mwisho wa mwaka wa kilimo: mpunga unavunwa majarubani, unakobolewa, watu wanapumua. Kwetu sisi wa mboga, mwaka ndio kwanza unaanza. Usiku upepo unashuka kutoka Makambako ukiwa na baridi, mchana jua linawaka bila wingu, na magonjwa ya baka yanayoozesha majani wakati wa masika hayana tena unyevu wa kuyabeba. Ukiwa na maji, hakuna majira mazuri ya bustani kuliko haya.

Tuko wanawake sita. Tunalima ekari moja na nusu kando ya mfereji unaochepuka kutoka Mto Mbarali, ng'ambo ya barabara kuu iendayo Tunduma. Mboga zetu nyingi zina wenyewe kabla hazijaota. Kaya 22 za hapa mjini, kuna walimu, nesi, fundi wa malori, mwenye nyumba ya wageni na mama lishe wa stendi, kila moja hutoa shilingi 60,000 mwezi wa Aprili. Kwa fedha hiyo tunanunua mbegu, samadi na mafuta ya pampu. Kuanzia Juni, kwa wiki 12, kila Jumamosi kaya inachukua kapu lake. Mavuno yakiwa mengi kapu linafura. Yakiwa haba, linapungua, na wote tunalijua hilo tangu siku ya kuandikishana.

Kapu la kwanza huwa karibu lote ni majani. Mafungu mawili ya mchicha, moja la chainizi, mnafu, majani ya maboga, figili, vitunguu majani, na bamia za kuonjea. Anayetarajia nyanya hazipati.

"Kamwene mama," nesi husema akifunua kapu. "Nyanya lini?"

"Kamwene. Mwezi ujao, dada. Leo pika bamia."

Nyanya hukaa kitaluni karibu mwezi mzima, kisha ikihamishiwa tutani inataka miezi miwili na nusu hivi. Mchicha uko tayari kwa wiki nne. Ndiyo maana mwanzo wa kiangazi ni wa majani, Julai ni ya nyanya na karoti, na vitunguu maji huja mwisho kabisa. Mtu aliyezoea kununua sokoni, ambako kila kitu kipo kwa sababu kimetoka Ilula, Uyole au Ruaha Mbuyuni, huchukua muda kuizoea ratiba ya shamba moja.

Tunaingia bustanini alfajiri. Jani lililochumwa na umande lina maji ya usiku kucha. La saa tano lina kiu tayari, na ukilifunga fungu litanyauka kabla halijafika jikoni. Mchicha hatung'oi. Tunakata shina juu ya majani ya chini, nalo linachipua matawi na kutupa mchumo mwingine. Sukuma wiki tunachuma majani ya chini tu, tunaacha manne au matano ya juu, na mche mmoja utalisha nyumba kwa miezi. Bamia haitaki kusahauliwa: ukiruka siku mbili tatu inakuwa na nyuzi, na mmea uliokomaza mbegu hupunguza kuzaa. Njegere tunaipapasa ganda. Tunataka lililojaa lakini linalong'aa bado. Nyanya tunazichuma zinapoanza kugeuka rangi kitakoni, kwa kuwa zitamalizia kuiva zenyewe nyumbani. Hatuzichanganyi na majani. Nyanya inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huyageuza majani mabichi kuwa manjano kwa siku chache. Wauzaji wengi wa genge wameliona jambo hili bila kujua kisababishi chake.

Watu huniuliza kwa nini tunahangaika na makapu wakati barabara iko mlangoni na malori yanapita usiku na mchana. Nimeuza barabarani miaka mingi, na najua jinsi bei inavyopangwa pale. Dalali anajua kuwa nyanya haisubiri. Akikukuta saa tisa alasiri na matenga yameshachumwa, bei ni yake. Kwenye viazi na vitunguu kuna lumbesa: gunia linajazwa, kisha linashonewa kofia juu, nawe unalipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaikataza, sheria inaikataza, na kofia bado zinashonwa.

Ipo pia fedha inayokuja mapema kwa ubaya. Kule Kyela wanaiita njuruku. Mwenye fedha anakukopesha wakati mpunga wako ungali mchanga, na siku ya mavuno unamlipa kwa magunia yenye thamani kubwa kuliko alichokupa. Mtu aliyelima anabaki na pumba. Fedha ya makapu nayo inakuja kabla ya mavuno, ila anayeitoa ndiye mlaji. Kiwavi akitafuna kabichi yangu ametafuna na ya kwake. Hapati faida yoyote mimi nikidhoofika, kwa sababu mwaka ujao anataka kula tena.

Mpango wa makapu una ndugu zake duniani. Japani ulienea miaka ya 1970, akina mama wa mijini waliohofia dawa kwenye chakula walipoafikiana moja kwa moja na wakulima. Wenyewe wanauita teikei. Marekani mashamba mawili ya kwanza yalianza mwaka 1986, moja jimbo la Massachusetts na jingine New Hampshire. Kwetu ulizaliwa kwenye vikoba. Tulishazoea kuwekeana hisa za fedha na kuaminiana kwa daftari; tukaigeuza hisa ikawa mboga.

Daftari lilipimwa na kantangaze. Ni nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hiyo dawa ya kupuliza juu haimfikii vizuri. Msimu aliotuvamia, makapu ya Agosti yalikosa nyanya. Tuliwaita wenye hisa chini ya mwembe, tukawaonyesha matunda yaliyotobolewa. Hakuna aliyedai fedha yake. Mwalimu mmoja aliuliza tu kama kunde zinaweza kuongezwa, zikaongezwa. Tangu hapo mabaki ya nyanya tunayachoma, tunaweka mitego, na tuta lililobeba nyanya halipandwi bilinganya wala viazi msimu unaofuata. Barabarani, hasara ile ingekuwa yetu sita peke yetu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisiliache jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa watoto 57 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe, jirani zetu wa hapo juu tu, ni 50. Wastani wa nchi ni 30. Hii ndiyo mikoa inayoshibisha miji kwa mahindi na viazi! Mboga peke yake haiondoi udumavu. Mtoto anataka maziwa, mayai, dagaa, maji safi, na mama mwenye muda wa kumlisha. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na nyumba yenye kapu lililokwisha kulipiwa haianzi kila jioni kujiuliza kama leo iko mia tano ya mchicha.

Maji yanayootesha mboga hizi nayo si ya kuchezea. Mbarali humwaga kwenye Ruaha Mkuu, na tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Maji hayo ndiyo yanayojaza bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya Kidatu. Tunamwagilia jioni, tunatandaza mabua ya mpunga kwenye matuta ili udongo usikauke, na bustani yetu iko nje ya mita 60 za kingo za mto kama sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Wenzetu wa Iringa na Njombe wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wanajua sheria hiyo inavyobana. Hata hivyo, naiunga mkono.

Wewe unayesoma ukiwa Mafinga, Makambako, Rujewa au Mbalizi, mtafute mkulima mmoja wa mboga unayeweza kumfikia kwa miguu. Kaeni kaya tano, kumi, muandikiane, mumpe fedha ya mbegu kabla Aprili haijaisha. Mkubaliane pia mtakula nini mwaka ambao nyanya zitakataa.