Risiti za mwalimu wa mazoezi zina thamani gani mbele ya TRA

Mtu mwenye chumba cha kupanga, vyuma, kioo kikubwa na redio tayari ni mfanyabiashara wa mazoezi. Wanachama humlipa kwa mwezi, wateja wa majumbani humlipa kwa saa, na hoteli mbili tatu humwita kufundisha wageni wao. Fedha inaingia. Tatizo hujitokeza mwezi Juni, anapotakiwa kupeleka hesabu za mwaka uliopita TRA, ndipo hugundua kuwa sehemu kubwa ya alichotumia haina karatasi.

Wengi katika kazi hii hudhani kuwa wamo katika kodi ya makadirio inayolipwa na wenye maduka madogo, ambayo hutozwa kwenye mauzo na haijali gharama. Utaratibu huo ni wa mauzo yasiyozidi Sh. 100,000,000 kwa mwaka, lakini sheria imewaondoa humo watoa huduma za kitaalamu, kiufundi, menejimenti, ujenzi na mafunzo. Anayeuza ujuzi wake kwa saa asitegemee kuhesabiwa pamoja na muuza nguo. Huyu hutozwa kwenye faida, yaani mauzo baada ya kuondoa gharama zinazokubalika. Kwake, gharama ndiyo habari yenyewe.

Viwango vya mkaazi wa Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 havitozi kitu kwenye Sh. 3,240,000 za kwanza za mwaka. Baada ya hapo ni asilimia 8 hadi Sh. 6,240,000, asilimia 20 hadi Sh. 9,120,000, asilimia 25 hadi Sh. 12,000,000, na asilimia 30 kwa kinachozidi.

Chukua mfano wa mwalimu mwenye mauzo ya Sh. 26,000,000 na gharama za Sh. 14,000,000. Faida yake ni Sh. 12,000,000 na kodi ni Sh. 1,536,000. Sasa ofisa wa TRA akikataa gharama za Sh. 4,000,000 kwa kukosa ushahidi, faida kwenye karatasi inakuwa Sh. 16,000,000 na kodi inapanda hadi Sh. 2,736,000. Hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka. Sh. 1,200,000 zimekwenda kwa sababu ya risiti tu.

Kipimo cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ni kimoja: gharama iwe imetumika yote, na kwa kazi hiyo tu, katika kuzalisha mapato ya biashara. Pango la ukumbi, umeme, leseni, matangazo, mshahara wa msaidizi na riba ya mkopo wa biashara hazina ubishi mkubwa. Simu inayotumiwa na wateja na familia pia hukatwa kwa sehemu ya biashara peke yake.

Ubishi huanza pale mwili wa mwalimu unapogeuka kuwa chombo cha kazi. Yeye huona kuwa mayai, maziwa ya unga na raba ni mtaji wake, na kwa mantiki ya mtaani ana haki. Sheria haioni hivyo. Chakula cha mtu ni matumizi binafsi, hata kama misuli ndiyo inayovuta wateja. Nguo nazo hazikatwi isipokuwa zile zisizofaa kuvaliwa nje ya kazi, na suti ya mazoezi inayoweza kuvaliwa sokoni Jumamosi haiwezi kupita hapo. Glovu za ndondi na mikeka inayotumiwa na wateja ni jambo jingine, hivyo ni vifaa vya biashara.

Nauli ina mpaka wake pia. Safari ya kutoka nyumbani Mbagala hadi jimu ya Sinza ni ya binafsi. Safari ya kutoka jimu kwenda kumfundisha mteja Mikocheni ni ya kazi. Mwenye pikipiki anayejaza mafuta mara moja kwa wiki bila daftari la safari hawezi kuzitenganisha hizo mbili, na mwenye shaka hapewi nafuu.

Kuhusu masomo, kozi inayohusu kazi anayoifanya hukubaliwa mradi haiishii kwenye stashahada au shahada. Anayejilipia stashahada ya michezo ajue kuwa ada hiyo ni yake.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuandika mashine nzima kama gharama ya mwaka mmoja. Mashine ya kukimbilia ya Sh. 4,000,000 ni mali ya kudumu na hukatwa kidogo kidogo kama uchakavu. Vifaa vya namna hiyo huingia daraja la asilimia 12.5 ya thamani iliyobaki: Sh. 500,000 mwaka wa kwanza, Sh. 437,500 mwaka wa pili, na kuendelea kushuka. Mkanda wake ukikatika, ufundi hukatwa wote mwaka huohuo. Ndiyo maana mwekezaji mdogo anayealikwa kuweka fedha katika jimu hana budi kuuliza kama mashine zimo kwenye gharama za mwaka au kwenye orodha ya mali. Jibu hilo hubadilisha faida anayooneshwa.

Ushahidi unaohitajika ni risiti ya EFD, na si kipande cha karatasi chenye mhuri. Fundi wa mtaani asiye na mashine ni bei nafuu mpaka siku ya ukaguzi. Kumbukumbu zote zihifadhiwe miaka mitano. Mwalimu naye, kwa mauzo kama hayo, anapaswa kuwapa wateja wake risiti.

Iko fedha nyingine inayosahauliwa. Hoteli au kampuni inapomlipa kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Akiwa amefanya kazi ya Sh. 6,000,000 kwa mwaka, Sh. 300,000 zimekwishafika TRA kwa jina lake, na katika mfano wa kwanza hapo juu deni lake hubaki Sh. 1,236,000. Lakini hupunguziwa kwa hati ya zuio, si kwa maneno. Hati hiyo adaiwe mwenye kukata siku ya malipo, maana mhasibu wa hoteli akishahama, kuitafuta mwezi Juni ni kazi ya wiki nzima.